Uvimbe Usioonekana Katika Mishipa ya Moyo



Hakuna maneno tuyasikiayo mara nyingi zaidi katika njia ya kurudi kutoka makaburi ya Kisutu kuliko haya: "Jana tu tulikuwa naye." Mtu alifungua duka lake asubuhi, akasali adhuhuri pamoja na wenziwe, jioni akanywa kahawa barazani, na kabla ya alfajiri akawa maiti. Nasi husema kuwa siku yake imefika, na kweli imefika, kwani hapana aishiye kupita ajali yake. Walakini neno hilo la kweli lisitufanye tukaacha kuuliza maradhi yalimwingiaje mtu huyo, na kama nyumbani mwake walikuwapo walioziona dalili wasizitambue. Ajali iko mikononi mwa Mwenyezi Mungu, lakini kutafuta matibabu ni juu yetu.

Mwezi huu, basi, twataka kueleza habari ya mishipa inayoulisha moyo, na hasa mambo mawili ambayo matabibu wameyafahamu vyema katika muda wa miaka hamsini hivi iliyopita: uvimbe ulio ndani ya ukuta wa mshipa, na vitu vidogo mno vinavyoufanya mshipa ujikaze. Mwenye kuyafahamu haya atajua pia kwa nini vidonge fulani vya maumivu, vinunuliwavyo mitaani kwetu kama pipi, vyaweza kumdhuru mwenye moyo mgonjwa.

Moyo ni pampu ya nyama, ukubwa wake kama ngumi ya mwenyewe, nao hupiga kiasi cha mara laki moja kila siku. Damu tele hupita ndani yake, lakini nyama ya moyo hailishwi na damu hiyo ipitayo. Jambo hili alilieleza Ibn an-Nafis, tabibu aliyezaliwa Sham akafariki Misri mwaka 1288. Yeye alisema kuwa chakula cha moyo hutoka katika mishipa iliyoenea mwilini mwa moyo wenyewe, na kwa hilo akamkosoa hata Ibn Sina, ambaye kitabu chake alikuwa akikisherehesha. Mishipa hiyo mikuu ni miwili, wa kulia na wa kushoto. Hutoka mwanzoni kabisa mwa mshipa mkuu wa mwili, ikauzunguka moyo kama taji lizungukavyo kichwa. Upana wa ndani wa kila mmoja ni kiasi cha milimita 3 au 4 tu. Ukiziba mmoja, sehemu ya nyama iliyokuwa ikilishwa nao huanza kufa kabla ya saa moja kupita.

Wengi wetu hudhani kuwa mshipa ni kama bomba la maji, na kuwa maradhi ya moyo ni mafuta yaliyoganda ndani ya bomba hilo kidogo kidogo hata likaziba. Mafuta yamo, hatukatai, lakini mfano huo umepungua. Bomba ni kitu kisicho na uhai, na mshipa ni kitu kilicho hai. Kwa ndani umetandikwa utando wa seli za safu moja tu, mwembamba kuliko karatasi, nao utando huo ndio uuamrishao mshipa upanuke au ujikaze, na uamuao kama damu ipite laini au igande.

Habari hii ilijulikana kwa jaribio moja. Mwaka 1980 mtaalamu Robert Furchgott wa New York alitangaza aliyoyaona katika vipande vya mshipa wa sungura alivyovitia dawa iitwayo asetilikolini. Vipande vingine vililegea, na vingine vikajikaza, hali ya kuwa dawa ni ile ile. Alipochunguza akaona kuwa vile vilivyojikaza vilikuwa vimekwanguliwa utando wao wa ndani wakati wa kutengenezwa. Mwaka 1986 madaktari wa Boston wakaliona jambo kama hilo katika mioyo ya watu walio hai: dawa iliyopanua mishipa mizima iliikaza ile yenye maradhi. Baadaye ikadhihirika kuwa utando ulio mzima hutoa hewa iitwayo oksidi ya nitriki, ambayo hulegeza misuli ya mshipa. Kwa uvumbuzi huo Furchgott, pamoja na Louis Ignarro na Ferid Murad, walipewa tuzo ya Nobel mwaka 1998.

Utando huo huo una upande wake wa pili. Mwaka 1988 Masashi Yanagisawa na wenzake wa Tsukuba, katika nchi ya Japani, waligundua molekuli, yaani kipande kidogo kabisa cha kitu, itolewayo na utando wa mshipa, wakaiita endotelini. Hii ni miongoni mwa vikazaji vya mishipa vyenye nguvu kuliko vyote vijulikanavyo, na kazi yake hudumu kwa muda mrefu. Ajabu yake ni kuwa katika sumu ya jamii moja ya nyoka waishio chini ya ardhi mna kitu kilichofanana nayo sana. Tena wako vikazaji vingine. Mwaka 1975 Bengt Samuelsson na wenzake wa Uswidi walieleza habari ya thromboksani, itolewayo na zile chembe ndogo za damu zenye kazi ya kugandisha. Hiyo hufanya mambo mawili kwa pamoja: huukaza mshipa na kuigandisha damu. Mpinzani wake ni prostasiklini, itolewayo na utando wa mshipa, ambayo hupanua na kuzuia damu isigande.

Asidhani mtu kuwa vikazaji hivi ni adui tuliozaliwa naye. Mtu akijikata kwa kisu, bila ya thromboksani damu ingeendelea kumtoka. Hikima imo katika mizani: kipanuzi na kikazaji, kila kimoja kwa wakati wake. Maradhi huanza pale mizani inapoharibika, na kitu kinachoiharibu zaidi ni uvimbe.

Kila mtu amepata kuuona uvimbe. Mwiba ukikuchoma kidoleni, pahali pale huwa pekundu, pa moto, pakavimba na kuuma. Hayo ni kazi ya askari wa mwili, yaani chembe nyeupe za damu, waliokimbilia pale kupigana na kusafisha. Kazi ikiisha, uvimbe hutulia. Lakini ukuta wa mshipa wa moyo huchomwa kila siku, na asiyeuona mwiba hautoi. Moshi wa sigara na shisha huuchoma; shinikizo la damu, ambalo wengi huliita presha, huusukuma; sukari iliyozidi katika damu huuharibu; na lehemu mbaya, yaani mafuta ya damu aina ya kolesteroli, hupenya chini ya utando na kukaa humo. Ndipo chembe nyeupe zinapoingia kuyala mafuta hayo. Huyala mpaka hujaa kama povu, hufa mahali pale pale, na mizoga yao huwaita askari wengine. Hivyo uvimbe ambao ungekwisha kwa siku chache hudumu kwa miaka, bila ya maumivu na bila ya mwenyewe kujua.

Baada ya miaka hiyo hutokea kijipu ndani ya ukuta wa mshipa, kilichojaa mafuta na uchafu na kufunikwa kwa ngozi nyembamba. Askari waliomo ndani hutoa vitu vinavyoila ngozi ile. Siku moja hupasuka. Damu ikiyagusa yaliyomo ndani huganda mara moja. Zile chembe za kugandisha hutoa thromboksani. Utando uliojeruhiwa hauna tena nguvu ya kutoa hewa yake ya kupanua. Na mshipa hujikaza juu ya donge lililokwisha kuuziba. Aujuaye Mtaa wa Congo siku za kukaribia Idi atafahamu. Njia imesongwa na meza za bidhaa pande zote mbili, lakini watu bado wanapita. Mkokoteni mmoja ukipinduka katikati, hapana tena apitaye. Ndiyo sababu mtu aweza kutembea vizuri siku ya Jumatatu na kuanguka Jumanne, kwani mara nyingi kijipu kinachopasuka hakikuwa kimeuziba mshipa sana kabla ya siku ile.

Ushahidi wa kuwa uvimbe ni sababu, wala si alama tu, ulipatikana mwaka 2017. Wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupatwa na shambulio la moyo walitiwa katika jaribio la dawa ya sindano iitwayo kanakinumabu, ambayo hutuliza uvimbe bila ya kupunguza lehemu. Kwa kipimo kimoja cha dawa hiyo, jumla ya mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya maradhi hayo ilipungua kwa asilimia 15. Lakini waliopewa dawa walikufa zaidi kidogo kwa maambukizo, maana askari walikuwa wamepunguzwa silaha, na bei yake ni kubwa mno. Dawa ya kale ya jongo, kolchisini, nayo imejaribiwa. Mwaka 2020 ilionekana kuwafaa wagonjwa wa mishipa ya moyo, na mwaka 2024 jaribio jingine kubwa, la watu waliotoka kupatwa na shambulio la moyo, halikuona faida. Kwa hiyo wataalamu bado wanapima.

Hapa ndipo tulipotaka kuwafikisha wasomaji wetu. Mtu akisikia kuwa maradhi ya moyo ni uvimbe, yawezekana akasema, "Kumbe jambo ni jepesi, nitakunywa dawa ya uvimbe." La, ndugu yetu! Dawa za maumivu na uvimbe kama diklofenaki, na ibuprofeni kwa vipimo vikubwa, huongeza hatari ya shambulio la moyo. Sababu yake tumekwisha kuigusa. Dawa hizo hupunguza prostasiklini, ile inayopanua mshipa, na kuiacha thromboksani ikitamba peke yake au karibu na peke yake. Mizani huinamia upande wa kukaza na kugandisha. Tena huufanya mwili uzuie chumvi na maji, na shinikizo la damu likapanda. Mwaka 2004 dawa moja ya jamii hiyo, Vioxx, iliondolewa sokoni ulimwenguni kote kwa sababu ya madhara ya moyo, na mwaka 2013 wasimamizi wa dawa wa Ulaya waliagiza kuwa mwenye maradhi ya moyo asipewe diklofenaki.

Tunamjua mzee mmoja, muuza nafaka wa Kariakoo, aliyekuwa akiumwa bega la kushoto kila apandapo ngazi za nyumba yake. Akipumzika, maumivu huondoka. Watu wa duka wakamwambia ni uchovu wa magunia; mwingine akasema ni gesi; mwingine akasema ni jicho la watu kwa kuwa biashara imemnyookea. Kwa muda wa wiki tatu akameza vidonge vya diklofenaki, viwili kila siku, alivyonunua bila ya cheti. Binti yake alimwambia, "Baba, twende hospitali tukapimwe." Naye akajibu, "Mwanangu, moyo hauumi begani." Usiku mmoja akaamka anatoka jasho la baridi, kifua kimembana kama aliyekaliwa na mtu. Binti hakungoja ruhusa. Aliita gari akampeleka. Mzee yu hai, alhamdulillahi, lakini moyo wake una sehemu iliyokufa, na ngazi zile sasa humchukua robo saa. Yeye mwenyewe ametuomba tuwaambie watu kuwa moyo huuma begani.

Basi zishikeni dalili hizi. Maumivu au mbano katikati ya kifua, maumivu yaendayo bega, mkono, shingo au taya, kukosa pumzi, jasho la baridi, kichefuchefu. Yakija mtu akitembea au akipanda ngazi na kuondoka akipumzika, hiyo ni onyo, apelekwe kwa daktari siku hizo hizo. Yakija naye amepumzika, au yakidumu zaidi ya dakika chache, hiyo ni haraka kuu, wala hapana nafasi ya kungoja kuche. Akina mama na wenye kisukari mara nyingine hawapati maumivu ya kifua kabisa, bali uchovu usio wa kawaida, kukosa pumzi au kuchafukwa na tumbo. Kwa hiyo wasidharauliwe wakisema kuwa hawajisikii vizuri. Mgonjwa asiendeshe gari mwenyewe, wala asitembezwe kwa miguu. Wakazi wa Kariakoo, Gerezani na Ilala wana bahati ambayo wengi nchini hawana. Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete, iliyoanzishwa mwaka 2015, ipo katika eneo la Muhimbili huko Upanga, na humo mishipa iliyoziba huzibuliwa. Zamani wagonjwa wa namna hiyo walilazimika kupelekwa Uhindi.

Lakini bora kuliko kuzibua ni kuulinda utando usijeruhiwe. Uko uchunguzi wa nchini mwetu wenye mafunzo. Watu 209 waliohamia Dar es Salaam kutoka mashambani mwa mkoa wa Morogoro walifuatwa kwa mwaka mzima, na matokeo yakachapishwa mwaka 2010. Katika mwaka ule mmoja kazi zao za nguvu zilipungua sana, na uzito wao ukaongezeka kwa wastani wa kilo mbili na zaidi. Si mambo yao yote yaliyoharibika, kwani walikula matunda na mboga zaidi ya kwanza. Walakini mwili uliozoea jembe na mwendo ulikwisha kukaa kitini. Na mwendo una athari katika mshipa wenyewe. George Mann na wenzake, walioichunguza mioyo ya Wamasai 50 waliofariki na kutoa habari zao mwaka 1972, waliyakuta mafuta katika kuta za mishipa, lakini mishipa ilikuwa mipana, na damu ilipata njia. Waliona kuwa huenda ni kwa ajili ya mwendo mwingi wa Wamasai. Damu inapokimbia kwa mazoezi huupapasa utando, na utando ukapapaswa hutoa ile hewa ya kupanua.

Kwa hiyo, enyi vijana mnaokaa dukani kutoka asubuhi hata usiku, tembeeni kwa miguu walau nusu saa kila siku. Msikiti usio mbali uendewe kwa miguu. Sigara na shisha ziacheni kabisa, kwani moshi huudhuru utando tangu siku ya kwanza, na faida ya kuacha nayo huanza mapema. Akina mama wapikao kwa mkaa katika chumba kilichofungwa, wafungue dirisha au wahamishie jiko uani, maana moshi wa jiko nao ni moshi. Chumvi na vikaango vipunguzwe, hata katika futari. Sambusa mbili hazina neno, lakini sinia zima la bajia na kachori kila usiku kwa mwezi mzima ni mzigo. Aliyefika miaka arubaini apime presha na sukari japo mara moja kwa mwaka, na mwenye mzazi aliyepatwa na moyo au kiharusi aanze mapema zaidi.

Mwenye kuandikiwa dawa za presha, za lehemu au aspirini ndogo asiziache kwa kuwa amejisikia nafuu, na asiyeandikiwa asijianzishie, maana aspirini nayo yaweza kumtoa mtu damu tumboni. Ramadhani ikikaribia, mgonjwa amwendee daktari wake kabla ya mwezi kuandama ili wapange saa za dawa, au aambiwe wazi kama funga itamdhuru. Na mwenye presha, kisukari au moyo akiumwa kichwa au mgongo, amwambie muuza dawa maradhi yake kabla ya kupokea kidonge chochote cha maumivu.

Jambo moja twaomba lifanywe katika kila nyumba mwezi huu. Fungueni kasha la dawa, mtazame ni vidonge gani vya maumivu vilivyomo, na nani avimezaye, na tangu lini. Kisha muulizeni mzee wa nyumba, kwa adabu na bila ya haraka, kama hupata mbano au maumivu apandapo ngazi. Akisema ndiyo, msibishane naye juu ya gesi na uchovu. Mchukueni kesho asubuhi.

Mwenyezi Mungu awape afya wagonjwa wetu, na awarehemu waliotutangulia. Wassalaam.